Mbegu za kitunguu hazikuota ingawa zilikaa kwenye jokofu

Swali
Ndugu zangu, miaka mitatu iliyopita nilitia mbegu za nyanya na za kitunguu katika bahasha za karatasi, nikaziweka kwenye jokofu nikiamini kwamba baridi ingetosha kuzitunza. Juzi nilizijaribu juu ya kitambaa kibichi: za nyanya zimeota nyingi, za kitunguu hata moja haikuchipua. Kwa nini zitofautiane hivyo, na zote zilikaa pamoja?

Jibu la 1
Kilichokosekana ni ukavu. Hewa ya jokofu mara nyingi huwa na unyevu mwingi na karatasi haiuzuii. Mbegu huufyonza, huendelea kupumua na kula akiba yake, huku kiinitete kikichakaa ndani kwa ndani. Mtafiti wa mbegu Harrington alitoa kanuni inayotumika hadi leo, ingawa ni ya makadirio: unyevu wa mbegu ukipungua kwa asilimia 1, umri wake huongezeka maradufu, na vivyo hivyo joto la ghala likishuka kwa nyuzi 5 za Selsiasi. Ndiyo maana benki za mbegu hukausha kwanza, kisha hufungasha katika pakiti zisizopitisha hewa, ndipo hugandisha kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, kama lifanyavyo ghala la Svalbard nchini Norwe lililofunguliwa mwaka 2008. Kitunguu, hata hivyo, kina mbegu zenye umri mfupi kwa asili, kwa hiyo kosa ambalo nyanya ililivumilia kitunguu hakikuliweza.

Jibu la 2
Nakubali, ila neno "kausha" lisikupeleke kwenye jua kali wala jikoni, kwani joto nalo huua. Zianike kivulini penye upepo, kisha zifungie katika chupa ya kioo pamoja na chembe za silika jeli, zinazofyonza unyevu. Chupa ikitoka kwenye baridi, usiifungue kabla haijapata joto la chumba, la sivyo mvuke wa hewa utageuka umande juu ya mbegu.

Mwuliza swali
Ahsanteni. Je, kokwa za embe nazo nizitunze hivyo?

Jibu la 1
La. Embe, parachichi na kakao zina mbegu zisizostahimili kukauka, na zikipoteza maji hufa. Ipande kokwa ingali mbichi.