Frigeti ya China 054B: matundu 32 yanatosha, au wamekosea hesabu?

Mleta mada

Wakuu, habari za saa hizi.

Tangu frigeti (meli ya kivita ya ukubwa wa kati) Luohe, ya kwanza ya aina ya 054B, ilipopokelewa na jeshi la majini la China pale Qingdao, Januari 2025, lawama ni ile ile. Meli imenenepa kutoka tani 4,000 hivi za 054A, aina iliyoitangulia, hadi kama 5,000, lakini matundu ya kurushia makombora yamebaki 32. Watu wanauliza tani elfu nzima imekwenda wapi. Mimi nasema imekwenda panapostahili, isipokuwa sehemu moja nitakayoieleza.

Wenye makombora mengi wapo tayari. Destroya (meli ya kivita kubwa kuliko frigeti) ya China ya 052D ina matundu 64, na 055, yenye tani zaidi ya 12,000, ina 112. Frigeti kazi yake kubwa ni nyambizi: kuzitafuta, kuzisikiliza, kuzifukuza. Kwa kazi hiyo helikopta ina thamani kuliko matundu kumi ya ziada. Banda la helikopta la 054A lilijengwa kwa ajili ya helikopta za Z-9 na Ka-28. Helikopta mpya ya Z-20 ni kubwa zaidi, kiasi kwamba hata 052D ilibidi irefushwe sitaha ya nyuma ili iipokee vizuri. Kwa hiyo 054B ikapewa banda pana, na banda halisafiri peke yake. Linakuja na mafuta ya helikopta, torpido zake, vipuri, mafundi na vitanda vyao.

Rada nayo ni chaguo ninalolitetea. 052D ina bapa nne za antena zilizogandishwa mwilini mwa meli, zikitazama pande zote kwa wakati mmoja. 054B imewekewa rada ya bapa mbili inayozunguka juu ya mlingoti. Inapoteza kidogo, maana kila upande unatazamwa kwa zamu. Lakini ni nyepesi, kwa hiyo inakaa juu zaidi na kuona mbali zaidi, tena haidai umeme mwingi wala mitambo mikubwa ya kupoza.

Sasa sehemu isiyoniridhisha: kelele. Nimefanya kazi miaka sita kwenye chumba cha injini cha boti ya abiria. Injini kuu ikifika mzunguko fulani, chai kwenye kikombe cha bati inaanza kujichora miduara, na ukiweka kiganja ukutani unaihesabu silinda moja moja. Mtetemo ule hauishii ukutani, unaingia majini, na nyambizi inausikia kutoka mbali. 054A inaendeshwa na dizeli nne. Unaweza kuzikalisha juu ya raba, lakini gia na rafadha (pangaboi la kusukuma meli) bado zimeunganishwa nazo. Waingereza walilitatua hili kwenye frigeti zao za Type 23, ya kwanza ikiingia kazini mwaka 1990: wakati wa kuwinda, rafadha inazungushwa na mota ya umeme, na dizeli zinabaki kuzalisha umeme tu, zimetengwa na maji. Frigeti ijayo ya China itumie uzito wake hapo kabla ya kufikiria tundu la 33.

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nakuheshimu, lakini umesahau Bahari ya Shamu. Tangu Oktoba 2023 destroya za Marekani zilikuwa zinatungua droni na makombora ya Wahouthi wa Yemen, na tundu likishatumika halijazwi baharini, unarudi bandarini. Hizo ni meli zenye matundu 90 na zaidi. Frigeti yenye 32, tena mengine yamebeba roketi za kupigia nyambizi, itadumu siku ngapi? Waongeze 16.

Mleta mada

Hoja ya Bahari ya Shamu naikubali, ni nzito. Lakini ukisema ongeza, taja unachotoa.

Mchangiaji wa kwanza

Natoa vile virusheo vya mshazari vya katikati, vya makombora ya kupigia meli. Pale naweka matundu ya wima ya aina ile ya 052D, yanayopokea kombora la kila namna.

Mleta mada

Kaka, matundu hayo yametengenezwa kwa vina vitatu: mita 3.3, 7 na 9. Kombora la maana linataka 7 au 9. Sasa shuka mita 7 kutoka sitaha ya katikati ya frigeti uniambie unakutana na nini. Unakutana na chumba cha injini na njia za moshi. Virusheo vya mshazari vimekaa pale kwa sababu vinakaa juu, havichimbi chini.

Mchangiaji wa pili

Tuache matundu kidogo. 054A inafika maili 27 za baharini kwa saa, zaidi ya hapo imechoka. Fujian, meli ya China ya kubeba ndege, imeingia kazini Novemba 2025, na meli za kubeba ndege za namna ile hukimbia 30. Huyo mlinzi atamlinda nani akiachwa nyuma?

Mleta mada

Ndugu, hapo umenishika, tena kuliko unavyodhani. Sona ya kuburutwa, yaani chombo cha kusikilizia nyambizi kinachovutwa nyuma ya meli, haisikii vizuri meli ikiwa mbio. Mwindaji hutangulia, hupunguza mwendo, husikiliza, kisha hukimbia kufidia muda aliosimama. Maana yake anatakiwa kuwa na kasi kuliko yule anayemlinda. Nilikuwa nataka mota za umeme tu. Sasa naongeza tabaini ya gesi (injini ya namna ya zile za ndege) ya kukimbilia, na hata hizo Type 23 nilizozisifia zinazo.

Ila tabaini inavuta hewa nyingi mno na kutoa moshi mwingi. Mifereji yake mikubwa itapita pale pale katikati, mchangiaji wa kwanza, ulipotaka kuchimba matundu yako 16.