"Baada ya" na "kwa sababu ya": mnavipambanua vipi?

Baraza_la_Kibokoni:
Salaam aleikum jamaani. Kuna hoja mbili zinazorudi kila jioni barazani, nami nataka njia ya kuzipima, kubishana tumechoka. Ya kwanza: mgonjwa ana homa, siku ya tatu anapewa maji ya mwarobaini, siku ya tano homa imekwisha, basi mwarobaini ndio uliomponya. Ya pili: duka la tende Marikiti latundika bango katikati ya Februari 2025, Machi mauzo yaenda mara tatu, basi bango limelipa. Kosa liko wapi hasa, na mtu afanye nini?

Daftari_Jekundu:
Yakhe, tuanze na tende, ndiyo nyepesi. Kuna wa tatu hapo hakutajwa: mfungo. Mwenye duka hutundika bango kwa kuwa Ramadhani imekaribia, na wateja hununua tende kwa sababu hiyo hiyo. Bango na mauzo ni watoto wa mama mmoja, hakuna aliyemzaa mwenzake.

Usilinganishe Februari na Machi. Hata Machi na Machi ya mwaka jana usilinganishe, na hapa ndipo wengi wa wenye kompyuta huteleza. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 11 hivi, kwa hivyo Machi 2024 ilipata siku 20 hivi za mfungo, na Machi 2025 ikapata karibu mwezi mzima. Linganisha Shaabani kwa Shaabani, Ramadhani kwa Ramadhani. Tena hesabu kilo, si shilingi, maana bei ikipanda fedha huongezeka hata kama tende zilizotoka ni zile zile.

Ukitaka kulipima bango lenyewe, ngoja Idi ipite. Kata vikaratasi 8, vinne uandike "juu", vinne "chini", uvichanganye, na kila Jumapili usiku uokote kimoja: hicho ndicho kitakachoamua kama wiki hiyo bango litatundikwa au litashushwa. Usichague mwenyewe, mkono utazipenda wiki za mshahara. Bei usiiguse, wala usihamishe meza ya mbele. Tuseme wiki za bango zimetoa kilo 62, 58, 66 na 60, na zisizo na bango 59, 64, 57 na 61. Jumla ni 246 kwa 241. Zile zenye bango zenyewe zinapishana kwa kilo 8, kwa hivyo tofauti ya kilo 5 kwa wiki nne si kitu cha kumlipia mchoraji.

Zamu_ya_Usiku:
La homa si la mzaha, nitalieleza kwa urefu. Homa nyingi za virusi zina mwendo wake. Kidingapopo, ambayo hospitalini huitwa dengi, huchoma siku 2 hadi 7 kisha joto hushuka lenyewe. Na watu hawatafuti mwarobaini siku ya kwanza. Hutafuta mgonjwa akizidiwa, yaani karibu na kilele, ambapo mara nyingi iliyobaki ni kuteremka. Chochote atakachonyweshwa saa hiyo, hata uji wa pilipili manga, kitapewa sifa.

Ubaya ni kwamba kidingapopo ikiwa kali, hatari huanza pale joto linaposhuka. Saa 24 hadi 48 zinazofuata ndizo za kumkodolea macho mgonjwa: tumbo kuuma sana, kutapika kusikokoma, damu kwenye fizi au puani, kuhema haraka, kulegea au kutotulia. Ikionekana hata moja, hospitali saa hiyo hiyo. Nyumba iliyokwisha kusema "dawa imeshika" haiangalii tena.

Siku ya kwanza ya homa apimwe malaria kwa tone la damu ya kidole, majibu ni dakika 15 hadi 20. Ikiwa ni malaria, anywe dozi yote, kwani homa ya malaria hupanda na kushuka na nafuu ya siku moja hudanganya. Ikiwa si malaria, parasetamo na vinywaji kwa wingi. Aspirini na ibuprofeni aziache mpaka kidingapopo iondolewe shaka, huongeza hatari ya kutoka damu.

Baraza_la_Kibokoni:
Ahsanta sana. Kwa hivyo mwarobaini hauna kitu? Na wale kumi waliokunywa wakapona?

Mzee_wa_Mantiki:
La, mwanangu, huko ni kuruka shimo ukaangukia la pili. Hoja ikiwa mbovu, jambo linabaki halijathibitishwa, wala halijawa uongo. Wale kumi ni chumba kimoja kati ya vinne: waliokunywa wakapona, waliokunywa wasipone, wasiokunywa wakapona, wasiokunywa wasipone. Tuseme waliokunywa ni 50 wakapona 40, na wasiokunywa ni 30 wakapona 24. Pande zote mbili ni asilimia 80. Barazani hutajwa wale 40 peke yao.

Mfano ninaoupenda ni wa kipindupindu cha London, 1854. Daktari John Snow alishuku maji ya bomba la mtaa wa Broad Street, na mpini wa bomba ukaondolewa. Ugonjwa ukapungua. Lakini ulikuwa umeshaanza kupungua kabla ya hapo, watu wamekimbia mtaa, na Snow mwenyewe alilikiri hilo. Alikuwa amepatia, ila nguvu ya hoja yake haikuwa kwenye mpini. Ilikuwa kwenye kulinganisha nyumba zilizopata maji ya kampuni moja, yaliyotekwa mahali pachafu pa mto Thames, na nyumba za mitaa hiyo hiyo zilizopata maji ya kampuni nyingine yaliyotekwa juu zaidi.

Maji_Mafu:
Naongeza la pwani. Wapo wasemao mwanga wa mwezi mpevu ndio unaoleta bamvua, yale maji makuu yajaayo na kupwa kuliko siku nyingine. Kipimo ni kukiondoa kinachoshukiwa uone kama tokeo linabaki. Fungua jedwali la kujaa na kupwa kwa maji la bandari ya Kilindini, Mombasa, uangalie siku mbili za kwanza baada ya mwezi mwandamo, usiku karibu hauna mwanga wa mwezi. Bamvua ipo vile vile.