Bima na upasuaji wa kupunguza uzito: nianzie wapi?

Kutoka: mwanajumuiya, Columbus, Ohio

Ndugu wanajumuiya, assalaam aleikum, na kwa wengine habari za siku nyingi. Daktari wangu ameniambia kwamba kwa uzito nilio nao, pamoja na kisukari na shinikizo la damu, upasuaji wa kupunguza tumbo ni jambo la kufikiriwa. Nina bima ya kazini. Kliniki moja imenialika kwenye semina wiki ijayo, na mhudumu wa mapokezi amenihakikishia kwa simu kwamba bima yangu wanaipokea. Je, niende tu, au kuna jambo la kutangulia? Naomba aliyepita njia hii anielekeze, maana makaratasi ya nchi hii yananichosha kuliko kazi yenyewe.

Kutoka: mwanajumuiya, Houston, Texas

Dada yangu, wa aleikum salaam. Semina nenda, haina ubaya, lakini ile kauli ya mapokezi usiihesabu kuwa jibu. Kliniki ikisema inapokea bima yako, maana yake ni kwamba ina mkataba na kampuni ya bima. Haimaanishi kwamba mpango wako wewe unalipia upasuaji huu. Kampuni moja huendesha mipango mingi, na watu wawili wenye kadi za nembo moja wanaweza kutofautiana kabisa, mmoja akalipiwa na mwenzake asilipiwe hata senti. Mimi sikulijua hilo. Nilihudhuria miadi kwa miezi minne, nikapimwa damu na usingizi, ndipo nikaelezwa kwamba mwajiri wangu wa wakati ule alikuwa ameuondoa upasuaji wa unene katika mpango wake tangu mwanzo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haiko hospitali, iko ofisi ya utumishi kazini kwako. Omba kwa maandishi maelezo kamili ya mpango, si ule muhtasari wa kurasa chache unaogawiwa siku ya kuajiriwa. Kwa kampuni binafsi, sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inayosimamia mafao ya kazini inataka upewe maelezo hayo ndani ya siku 30 baada ya kuyaomba. Ukiyapata, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mambo yasiyolipiwa, na utafute maneno “bariatric” (upasuaji wa unene) na “obesity” (unene). Uliza vilevile kama mwajiri ndiye anayelipa matibabu kutoka mfukoni mwake huku kampuni ya bima ikishughulikia makaratasi tu. Swali hilo lina uzito, kwa sababu mpango wa namna hiyo haufungwi na sheria za bima za jimbo, na mwenye uwezo wa kuubadilisha kwa mwaka unaofuata ni mwajiri mwenyewe. Wengi wetu hudhani kwamba sheria ya afya ya mwaka 2010 ilimaliza mambo haya. Haikuufanya upasuaji huu kuwa wa lazima nchi nzima, na ndiyo sababu mipango ya majimbo mbalimbali hailingani.

Ukikuta upasuaji umeondolewa, barua ya daktari, hata iandikwe vizuri namna gani, haitaurudisha. Hapo angalia bima ya mumeo, au subiri msimu wa kuchagua mpango mpya, au mwombe mwajiri aufikirie.

Ukikuta unalipiwa, piga namba iliyo nyuma ya kadi na uulize kwa namba za upasuaji: 43775 ni wa kupunguza tumbo libaki kama mrija, na 43644 ni wa kukipitisha chakula kando ya sehemu kubwa ya tumbo. Ukitaja namba, mtu wa upande wa pili hana nafasi ya kukujibu kwa jumla jumla. Mwombe akutumie masharti yao kwa maandishi, na uandike tarehe, jina lake na namba ya kumbukumbu ya mazungumzo.

Sharti la kwanza huwa ni BMI, yaani kilo zako ugawe kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa mita 1.60 mwenye kilo 105 anapata 41. Kampuni nyingi bado zinafuata mapendekezo ya mwaka 1991: 40 na zaidi, au 35 ikiwa una ugonjwa unaoambatana na unene kama kisukari chako. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu vilishusha kiwango hadi 35 hata bila ugonjwa mwingine, lakini usidhani kwamba kampuni yako imefuata. Soma karatasi yao.

Panapowaangusha wengi ni miezi ya lishe chini ya uangalizi. Mipango mingi hudai miezi mitatu hadi sita ya kuonana na daktari au mtaalamu wa lishe kila mwezi bila kuruka, na kila mara uzito uandikwe pamoja na mliyozungumza kuhusu chakula na mazoezi. Vyama vya madaktari wenyewe vinalipinga sharti hili, na mimi naliona ni la kuchosha watu tu, lakini anayeidhinisha malipo ndiye anayelitaka. Katika safari yangu ya pili, kwa mwajiri mwingine, nilikwenda Mombasa kwa arusi mwezi wa Desemba nikakosa miadi moja. Hesabu ya miezi ikaanza upya. Kabla ya kukata tiketi, uliza kama miadi ya video inakubaliwa, na ukiwa nje ya nchi vilevile. Katika daftari la chakula andika ugali kwa gramu na chapati kwa idadi, kwa sababu mtaalamu wa lishe hajui sahani ya kwetu inabeba kiasi gani.

Utapelekwa pia kwa mwanasaikolojia. Usiudhike, hakuna anayekushuku wazimu. Wanataka kujua kama umeelewa maisha yatakavyokuwa baadaye. Hospitali inayopokea fedha za serikali ya shirikisho inapaswa kukupa mkalimani bure, basi mwombe wa Kiswahili mapema, na usimtume mtoto wako atafsiri mambo ya mwili wa mama yake.

Mwisho kliniki itaomba idhini ya awali, yaani kampuni ya bima ikubali malipo kabla ya upasuaji. Ikikataliwa, una siku 180 za kukata rufaa ndani ya kampuni, na ukishindwa huko, kwa kawaida una miezi minne ya kuomba mpitiaji wa nje, mradi hoja ni ya kitabibu. Idhini nayo haina maana kwamba hutalipa kitu: kuna sehemu yako, ambayo kwa mwaka 2025 kikomo chake kwa mtu mmoja ndani ya mtandao wa bima, yaani kwa hospitali na madaktari wenye mkataba nayo, kilikuwa dola 9,200, na katika mipango mingi hesabu hiyo huanza upya Januari.

Kutoka: mwanajumuiya, Minneapolis, Minnesota

Naongeza machache kama muuguzi. Mwenye mzazi aliye kwenye Medicare, ile bima ya serikali ya shirikisho hasa kwa wazee, ajue kwamba huko kigezo ni BMI ya 35, ugonjwa mmoja unaohusiana na unene, na ushahidi kwamba matibabu mengine ya unene yalijaribiwa yakashindwa. Vitamini za baada ya upasuaji ni za maisha yote, na mara nyingi utazinunua mwenyewe. Dada, mwambie pia daktari kama unafikiria kupata mtoto, kwa sababu wanashauri kusubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu.

Kutoka: mwanajumuiya, Columbus, Ohio

Ahsanteni sana. Maelezo kamili ya mpango nimeyapata baada ya siku tisa. Upasuaji unalipiwa, kwa sharti la miezi sita mfululizo ya lishe, na mwajiri ndiye anayelipa matibabu kutoka mfukoni mwake. Semina nilihudhuria nikiwa na karatasi hiyo mkononi. Safari ya Tanga ya mwezi wa saba nimeiahirisha, na mama nimeshamweleza kwa nini.