Naomba ushauri: nimjibuje binti yangu kuhusu kitabu cha Mwanzo na fuvu la Olduvai?

Wapendwa, mimi ni mzazi na mwalimu wa shule ya Jumapili katika usharika wetu. Mwezi uliopita binti yangu wa darasa la sita alirudi kutoka ziara ya shule katika Bonde la Olduvai, ambako walielezwa habari za fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale aliyefanana na binadamu, alilolipata mtafiti Mary Leakey mwaka 1959, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75. Usiku uleule aliniuliza kama Adamu alikuwepo wakati huo, au kama mwalimu wake amewadanganya. Nilimwambia tutazungumza kesho, na hadi leo sijamjibu. Linaniumiza, kwa sababu naona ameacha kuniuliza.

Sitaki kumfundisha kwamba sayansi ni adui wa imani, maana Gregor Mendel, aliyegundua kanuni za urithi kwa kupanda njegere, alikuwa mtawa, na Georges Lemaître, aliyeeleza kwamba ulimwengu unatanuka, alikuwa padri. Vilevile sitaki aione sura ya kwanza ya Mwanzo kuwa ngano tu. Mzee mmoja wa kanisa amenishauri nimwambie kwamba siku sita ni siku sita, basi. Namheshimu sana, lakini nahofia jibu hilo litamfunga mtoto mdomo na kumwachia swali moyoni.

Ninyi mliokwisha kulea watoto wa umri huu, mlianzia wapi? Je, inafaa tusome naye Mwanzo kwanza, au nimwache aeleze yote aliyoyaona kule bondeni? Na darasani Jumapili, mbele ya watoto wa wenzangu, niliguse jambo hili au niwaachie wazazi wao?