Kikundi: Wana wa Syombua

Mwikali, 06:12: Habari za asubuhi. Mutua ameshonwa nyuzi 14 mkono wa kushoto, kidole cha shahada bado hakikunjiki. Jicho limepona, Mungu ni mwema. Nataka watu wawili wa kumsindikiza kwa mwajiri Jumatatu. Nani na nani?

Mwikali, 07:40: Mmesoma watu kumi na mmoja.

Shangazi Kanini, 08:05: Pole mwanangu. Tunaomba 🙏

Kevo, 08:31: Mutua, sasa utatuibiaje kwa karata? 😂

Nzioka, 08:32: 😂😂

Mwikali, 08:36: Kevo, tafadhali. Kazini waliondoa kinga ya grainda ili diski ya inchi 9 iingie kwenye mashine ya inchi nne na nusu. Nusu ya diski ninayo. Imeandikwa mwisho mizunguko 6,600. Mashine yenyewe huzunguka 11,000 kwa dakika. Ilipasuka kama sahani.

Mutua, 08:50: msimamizi alisema kinga inachelewesha kazi. sasa anasema mimi ni kibarua tu sina fidia

Mwikali, 08:53: Kibarua yumo kwenye sheria ya fidia ya wanaoumia kazini, ile WIBA ya 2007. Mwajiri akishaarifiwa ana siku 7 za kumwandikia mkurugenzi wa usalama kazini. Tumpelekee barua, atie sahihi, nakala ibaki kwetu.

Nzioka, 09:15: Na mguu wangu je? Zile elfu nane bado nazikumbuka.

Shangazi Kanini, 09:17: Nzioka, yale yaliisha.

Nzioka, 09:17: Yaliisha kwa nani?

Babu, 11:20: Nimesomewa yote. Mwaka wa 1984 pale Kamukunji jiwe la kunolea lilinikata kidole. Nikaambiwa ninyamaze nisije nikakosa kazi. Nikanyamaza. Hata pesa ya bendeji sikupewa. Mutua asiende peke yake.

Nzioka, 11:58: Nimesikia Babu.

Kevo, 12:10: Pole kaka, nilikosea. Niko zamu ya usiku, nikitoka mapema nitakuja. Barua inaandikwa na nani?

Mwikali, 12:11: Mimi. Mutua, nitumie picha ya karatasi ya hospitali. Tukutane stendi ya Kariobangi saa tatu asubuhi. Nzioka, uko?

Mwikali, 16:40: Nzioka?

Mutua, 19:03: hiyo nusu ya diski usiitupe. nyingine bado iko karakana chini ya meza, kabla hawajafagia