Tehanu: mwendelezo wa Earthsea, au kitabu kingine kabisa?

MsomajiUsiku
Wakuu, salaam. Nitataja miisho, kwa hiyo ambaye hajasoma aishie hapa. Halafu wale wa Roke, kisiwa chenye shule ya uganga, nawaita waganga, maana mchawi kwetu ni mtu wa kudhuru.

Vitabu vitatu vya kwanza vya Earthsea, dunia ya kubuni ya visiwa, vya Ursula K. Le Guin (1968, 1971, 1972) navipenda mno. Miaka 18 baadaye, 1990, inatoka Tehanu, na hapo moyo unagawanyika. Tenar, yule kuhani wa Atuan wa kitabu cha pili, sasa ni mjane wa mkulima kisiwani Gont. Anapika, anafua, analea mtoto aliyebakwa na kutupwa motoni na watu wake mwenyewe. Ged, mganga shujaa wa vile vitatu, anarudi mgongoni mwa joka Kalessin akiwa hana uwezo hata chembe, na wajumbe wa mfalme wanapokuja anajificha. Kurasa za Tenar na mtoto zinashinda chochote katika vile vitatu. Lakini Ged, aliyemshinda joka Yevaud kwa kulijua jina lake la kweli tu (huko ajuaye jina la kweli hutawala), leo anashika uma wa nyasi kupambana na wahuni usiku! Inauma. Na sura ya mwisho inakwenda mbio: mganga Aspen anawafunga Tenar na Ged kwa uganga, mtoto anaita, joka anashuka, basi.

Je, mwandishi aligeuza mambo, au mbegu zilikuwemo? Na vilivyobaki nivisome kwa mpangilio gani?

BintiKisiwa
Zilikuwemo, tena mapema sana. Rudi mwanzoni mwa A Wizard of Earthsea, kile cha kwanza: Gont wana methali kwamba uganga wa wanawake ni dhaifu, na nyingine kwamba ni muovu. Aliyemfundisha Ged maneno yake ya kwanza ni dada wa marehemu mama yake, mganga wa kijiji, na kitabu kinampita haraka. Roke haipokei wanawake na hakuna anayeuliza sababu. Tehanu ndiyo inayouliza. Soma tena mazishi ya Ogion, mwalimu wa Ged: waganga wawili wanavutana azikwe wapi, na Tenar, ambaye ndiye aliyeachiwa jina la kweli na marehemu, ni kama hayupo mbele yao. Hapo ndipo Roke yote inapoonekana.

Ged naye uwezo wake aliumaliza kwenye The Farthest Shore, kile cha tatu, alipoufunga mlango uliofunguliwa na mganga Cob katika nchi ya wafu. Mlinzi wa Mlango wa Roke anasema wazi pale mwishoni kwamba Ged amemaliza kutenda, anakwenda kwao. Wengi tunaupita mstari huo kwa sababu Kalessin anapaa naye na picha inakaa kama ya ushindi. Sasa mtu aliyekuwa mganga tangu utotoni, asiyejua kazi nyingine ila kuchunga mbuzi, akifika kwao afanye nini? Kitabu kinamwacha aone haya kwanza, kisha ajifunze kuishi, na kwangu huo ni ujasiri wa mwandishi.

Nahodha_wa_Kusi
Kwa hayo niko na dada. Ila mwisho una kasoro kweli, na si kasi peke yake. Ujio wa joka umeandaliwa vizuri: kuna kisa cha mwanamke wa Kemay, kwamba watu na majoka walikuwa kitu kimoja, na kuna Ogion anayekaribia kufa akimhimiza Tenar amfundishe mtoto yote, lakini asimpeleke Roke, kwa kuwa wa huko wanaogopa. Adui ndiye hakuandaliwa. Aspen anamwekea Tenar chuki mapema, kisha katika majira yote ya shambani hayumo, anaibuka tena mwishoni akiwa ameiva kwa ukatili.

Mpangilio: usidanganywe na jalada lililosema hiki ni kitabu cha mwisho. Mwandishi mwenyewe alikiri baadaye kwamba alikosea. Mwaka 2001 vilitoka viwili. Anza na Tales from Earthsea, hadithi tano, na usiiruke ya mwisho, "Dragonfly". Irian, binti anayekwenda kubisha hodi Roke, anaanzia humo. Ukienda moja kwa moja The Other Wind utamkuta kama mgeni asiyetambulishwa. "The Finder" nayo inaonyesha wanawake walikuwepo Roke ilipoanzishwa, kwa hiyo hasira ya Tehanu inapata historia yake.

MsomajiUsiku
Ahsanteni sana. Nasikia The Other Wind inabomoa ukuta wa nchi ya wafu. Si inafuta kafara ya Ged?

BintiKisiwa
Hapana, mkuu, tenganisha vitu viwili. Cob alitoboa tundu, uhai na uganga vikawa vinavuja kutoka duniani, na hilo ndilo Ged alilolifunga. Ukuta wa mawe ni wa zamani kuliko Cob, na kosa lililoujenga ni la waganga wenyewe. Bila Ged kulifunga tundu, dunia isingebaki hai hadi ukuta uguswe. Ukianza, mtazame Alder, fundi wa kuunga vilivyovunjika, anapofika kwa Ged katika sura ya kwanza. Ged hana uganga tena, na bado yeye ndiye anayejua la kumwambia.