Naomba ushauri: ukungu, sisimizi na mafuta ndani ya mikoba ya baiskeli

Ndugu zangu, salaam. Ninatumia mikoba miwili inayoning'inia kwenye keria ya nyuma ya baiskeli, ile isiyopitisha maji ambayo mdomo wake hukunjwa kisha ukafungwa, na karibu kila ninapoifungua baada ya safari ndefu nakuta jambo la kuudhi: ukungu, sisimizi waliofuata makombo, au mafuta ya mnyororo yaliyovuja kwa sababu mtikisiko wa barabara hulegeza kifuniko hata kikiwa kimekazwa vizuri. Ukungu ndio unaonisumbua zaidi. Ninaelewa kwamba kitambaa kinachozuia mvua isiingie huzuia pia unyevu wa nguo usitoke, lakini kuiacha mikoba wazi njiani ni kuikaribisha mvua yenyewe, na panya vilevile (mmoja wao ameshatoboa tundu). Nimejaribu siki iliyochanganywa na maji; harufu ilipungua, madoa meusi yakabaki. Je, kuna namna ya kuyaondoa bila kuharibu utando wa ndani unaozuia maji? Nasita kutumia dawa yenye klorini. Na wale mnaosafiri na mafuta ya mnyororo, huwa mnayafungia ndani ya nini?